Mahari ya Bi Sunok

Asubuhi ile, sebuleni kwa Mama Rhoda mjini Kitale, tulikuwa hawa: Mama Rhoda mwenyewe, mwenye nyumba ya wageni; Mzee Wasike wa Kabuchai, mpiga litungu, kile kinubi chetu; mwanawe mkubwa, Wafula; dada yake Mzee, mama mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, ambaye sote tulimwita Senge kwa kuwa ndiye shangazi wa nyumba ile; Bi Sunok, mwimbaji kutoka Korea; Bwana Kang, mpiga ngoma wake; Mwalimu Situma, aliyestaafu kufundisha na ambaye ndiye aliyeandaa ziara yao; mimi, Nekesa, mpishi; na wadogo zangu wawili, Nafula na Naliaka, wamesimama kwenye mlango wa jikoni ingawa nilikuwa nimewakataza. Nje, kwenye nguzo ya kuanikia nguo, alikuwa amefungwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Nawataja wote kwa sababu mwezi uliopita, kwenye mazishi ya Mzee Wasike, kijana aliyeshika kipaza sauti alisimulia asubuhi hiyo mbele ya hema zima, watu wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi ya namna nyingine, na katika kusimulia kwake alitaja watu wanne tu. Mimi hakunitaja. Hakuwa na sababu ya kunitaja, kwa kuwa Mzee mwenyewe ndiye aliyeniondoa kwenye kisa hicho zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na akahakikisha sirudi.

Namna tulivyobaki sisi watatu bila wazazi sitaieleza hapa. Itoshe kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa nimeacha shule nikiwa kidato cha pili, na tulikuwa tunaishi katika chumba kimoja nyuma ya jiko la Mama Rhoda, kwenye barabara ya kwenda Saboti. Zamani kilikuwa stoo ya mahindi. Hata baada ya kupaka chokaa, ukuta ulikuwa bado unanuka ile dawa ya kuzuia dumuzi, na Naliaka, aliyekuwa na miaka saba, aliamka kila siku na vumbi la pumba kwenye nywele bila sisi kujua lilitoka wapi. Nilikipenda chumba kile kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala tangu hapo. Mama Rhoda alinipa kwa sharti moja. "Wewe fanya kazi," aliniambia. "Watoto wakae, sina neno. Lakini siku mgeni mmoja atalalamika, hata kama ni chumvi imezidi, hao watoto wataenda kwa baba yenu mdogo, na sitaki tubishane." Baba mdogo alikuwa akiishi Myanga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake saba na duka lisilokuwa na bidhaa. Alikuwa ameshapanga kwamba Nafula angekuja kwake, na Naliaka angepelekwa kwa jamaa mmoja Eldoret akamshikie mtoto mchanga. Mtoto wa miaka saba akamshikie mtoto. Kwa hiyo mwaka ule nilipika kama mtu anayefanya mtihani kila mlo.

Wageni wa Korea walikuja baada ya mvua za kwanza, wawili tu, wakiwa na mizigo ya watu sita. Bi Sunok alikuwa na umri wa kama miaka arobaini, mwembamba, mnyamavu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Ala yake ilikuwa ubao mrefu wenye nyuzi kumi na mbili za hariri, na chini ya kila uzi kulikuwa na kijiti kama mguu wa bata kilichouinua. Aliulaza magotini, mkono wa kulia ukikwanyua nyuzi na wa kushoto ukizibonyeza mpaka sauti ikapinda kama mtu anayetaka kulia halafu akaghairi. Jina la ala hiyo lilikuwa refu kwetu. Mzee Wasike, alipouona mara ya kwanza, aliuzunguka akauangalia kila upande, akasema, "Kumbe hii ni litungu imelala." Tukauita hivyo mpaka mwisho. Bwana Kang alikuwa na ngoma moja na tumbo kubwa. Wiki ya kwanza aliingia jikoni kwangu, akachukua kabichi zangu nne, akazikata, akazipaka chumvi, pilipili, tangawizi na vitunguu saumu, akazifungia kwenye ndoo na kuiweka chini ya meza. Siku ya nne, kwa ile harufu, Mama Rhoda aliita fundi wa mabomba. Fundi alifukua mtaro mzima wa nje akitafuta kilichooza, na Bwana Kang akamsaidia kwa jembe, kwa bidii, bila kujua wanachotafuta ni ndoo yake.

Mpango wa Mwalimu Situma ulikuwa kwamba wageni wakae Kitale wiki tatu wakifanya mazoezi na Mzee Wasike, wapige kwenye shule chache, kisha wamalize kwa onyesho kubwa katika ukumbi mjini Bungoma. Tatizo likawa lugha. Wageni hawakujua Kiingereza cha kutosha, na Mzee hakukijua kabisa. Bi Sunok alikuwa amejifunza Kiswahili mwaka mzima kwa kanda na kijitabu, na alikuwa na maneno mengi kuliko nilivyotarajia, ila kwake L yote ilikuwa R. "Nimerara vizuri," alikuwa akiniambia asubuhi. "Chakura kitamu." Naye Mzee, kama wengi wetu wa Bungoma, alizibadilishabadilisha herufi hizo mbili apendavyo: balabala, lafiki, rakini. Wakikaa wawili hao kuongea, hakuna neno lililobaki limesimama. Mimi nilikuwa nikipita na trei ya chai, nikisikia, nasahihisha. "Anasema chumba cha kulala, Mzee." "Mzee anasema rafiki, mama, si lafudhi." Siku moja Mwalimu Situma akanishika mkono. "Wewe msichana, hebu kaa hapa. Kiswahili chako ni safi." Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kitu changu ni safi tangu nilipotoka darasani. Nikakaa. Kuanzia hapo nilikuwa mkalimani kati ya sufuria na sufuria, na kila jioni Mwalimu aliwaambia watu, "Huyu hakumaliza shule, lakini msikilizeni!" Nilikuwa nikijifanya sikusikia.

Siku mbili za kwanza za mazoezi hazikuwa na wimbo. Nyuzi saba za litungu zilikuwa zimekazwa kwa namna ambayo Mzee aliikuta kwa baba yake, na alisema hawezi kuzigusa. "Wimbo yangu haihami, bana," alisema. "Kama huyu mama anataka kukuja, akuje." Nilitafsiri kwa upole zaidi ya hivyo. Bi Sunok alimsikiliza akipiga peke yake saa nzima, njuga zikilia kwenye mguu wa Mzee, kisha akaanza kusogeza vile vijiti vya miguu ya bata, kimoja kimoja, vyote kumi na viwili, akisikiliza, akirudisha, akisogeza tena. Ilimchukua asubuhi nzima. Nilimaliza kuchambua maharagwe ya mchana na yeye bado anasogeza. Nilipoleta chakula, Mzee alimsogezea Bi Sunok kipande cha kuku ambacho kwetu huwekewa mwanamume mwenye nyumba. Sasa nikikumbuka, nadhani mazungumzo yao ya kweli yalikuwa hayo, na laiti wangeendelea hivyo bila mimi, mtamba yule angebaki zizini kwake.

Ilikuwa Ijumaa. Mwalimu Situma alikuwa ameenda posta, Bwana Kang alikuwa nje anakaza ngozi ya ngoma juani. Sebuleni tulikuwa watatu. Nilikuwa na maziwa jikoni, na nilikuwa nimeketi kwa tako moja kwenye kiti ili niwahi kuyaepua. Shida ya Bi Sunok ilikuwa kwamba wimbo wa Mzee hauna mlango. Unaanza, unazunguka, unataja watu, unazunguka tena, na yeye hakujua aingie wapi. Akaweka mikono juu ya nyuzi, akamwinamia Mzee, akasema, "Mzee, naomba mahari yangu."

"Ati nini?" Mzee akanigeukia.

Nami nilisikia mahari. Mtu wa pwani angesema "mahali pangu", na hiyo "pa" ingetuokoa sote, lakini sisi wa huku hatujali sana mambo hayo, na mgeni alijifunza kwa kanda. Nilisikia mahari, nikashangaa, na nikajua kwamba nimeshangaa. Hapo ndipo penye kosa langu. Ningeuliza tena. Lakini mtu ambaye Kiswahili chake ni safi haulizi mara mbili, na maziwa yalikuwa yanapanda.

"Anaomba mahari yake, Mzee."

Mzee aliliweka litungu chini polepole. "Kwa nani?"

Nikamuuliza Bi Sunok. Akajibu, akifurahi kwamba ameeleweka: "Kwako, Mzee! Nikae na wewe."

Mzee alikuwa amefiwa na mkewe miaka mitatu. Aliangalia dirishani kidogo, kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Ngapi?"

Bi Sunok akahesabu kwa vidole. "Tatu. Moja mwanzo, moja katikati, moja mwisho. Ya mwisho, kubwa."

"Haa," Mzee akasema. "Kumbe hata kwao wanalipa pole pole." Akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema ataenda nyumbani akaongee na watu wake, na Bi Sunok akamshukuru kwa kuinama na kunyoosha mikono yote miwili. Nami nikakimbilia maziwa.

Kwa hiyo Jumatatu, saa nne, pikapu iliingia kwenye lango la Mama Rhoda ikiwa na Wafula, mtamba na Senge, na mbele, karibu na dereva, Mzee Wasike akiwa amevaa koti jipya. Alikuwa amenyoa ndevu. Hilo koti kijana wa kipaza sauti hakulitaja, na sidhani kama kuna mwingine analikumbuka.

"Ni huyu?" Senge aliuliza kabla hajaketi. "Mbona mwembamba hivi? Ati huyu ataweza kubeba maji?"

"Senge, si ukae kwanza," Wafula akasema.

"Nikae nifanye nini? Nimetoka Kabuchai nikiwa nimeshika ng'ombe mkia." Akamzunguka Bi Sunok, ambaye alikuwa amesimama kwa heshima akidhani ni wapenzi wa muziki. Senge akamshika mkono, akaugeuza, akaona zile ncha za vidole zilizokuwa ngumu kwa nyuzi. Akaguna. "Mikono anayo."

"Hiyo ng'ombe inakula maua yangu!" Mama Rhoda akapiga kelele. "Nekesa! Nani ameleta ng'ombe kwa hoteli?"

"Mama, hayo si maua," Senge akamjibu, "hayo ni majani tu. Kalibu ukae, tuko na maneno."

Mwalimu Situma aliuliza maneno gani, na Wafula, ambaye alionekana kutamani kuwa mahali pengine popote, akaeleza kwamba Mzee ameleta ya mwanzo, na kwamba ya katikati na ile kubwa zitafuata baada ya mavuno. Ilichukua muda kumfikia Bi Sunok. Mwalimu alieleza kwa maneno na kwa mikono, akamwonyesha ng'ombe, akamwonyesha Mzee, akamwonyesha yeye. Niliona uso wake ukifunguka, kisha ukifungwa. Alikuwa na mume kwao. Alisema, "Hapana, hapana. Mahari!" akapiga goti mbele ya ala yake, akakwanyua mwanzo wa wimbo wa Mzee, akasimamisha kidole hewani. "Hapa, mahari." Akapiga kidogo tena. "Hapa, mahari. Hapa." Akaanza kulia, bila sauti, mikono ikiwa bado juu ya nyuzi. Bwana Kang alichukua kitambaa akaanza kuifunga ngoma yake, kama mtu anayefunga safari.

Mahali. Nililisikia neno zima likiniingia mwilini. Mwalimu Situma akasema ziara imeharibika, na Bungoma watu wameshaambiwa, na atawaambia nini. Kisha akauliza lile swali nililokuwa nikilingoja. "Siku hiyo nani alikuwa anatafsiri?"

Mama Rhoda alinigeukia. Alinitazama mimi, akatazama mlango wa jikoni ambapo Nafula alikuwa ameshika mkono wa Naliaka, kisha akanitazama tena. Nilitaka kusema, nawaapia, na wakati huohuo nilikuwa ninahesabu nguo zao, sweta lipi la nani, nani atabeba blanketi. Mzee Wasike alifuata macho ya Mama Rhoda. Aliwaona watoto. Alikuwa amekaa nasi wiki mbili, alikuwa amesikia mengi yakisemwa jikoni.

"Hakukuwa na mtu wa kutafsiri," akasema. "Tulikuwa sisi wawili tu. Huyu msichana alikuwa jikoni. Ni masikio yangu, Mwarimu. Nimezeeka. Nimesikia kile nilitaka kusikia."

Senge akapiga makofi mara moja, kwa hasira. "Wasike! Umetutoa nyumbani kwa sababu ya masikio?" Wafula aliangalia sakafu. Mtu wa umri ule, mbele ya mwanawe na dada yake, kukubali kwamba alikuwa akitamani! Nilijua kwamba Bi Sunok anajua mimi nilikuwepo. Alijipangusa uso kwa kiganja, akanitazama, kisha akawainamia wote mpaka nywele zikagusa nyuzi. "Urimi wangu," akasema. "Urimi wangu ni mbaya. Samahani, Mzee." Hivyo kosa langu likagawanywa vipande viwili, wakalibeba wao, na mimi nikabaki nimeshika kitambaa cha kupangusia meza.

Aliyetuokoa ni Senge. Alisema ng'ombe aliyeletwa kwa ajili ya mwanamke hawezi kurudishwa nyumbani kama kuku aliyekataliwa sokoni. Majirani walimwona akipakiwa. Alifikiri, huku akinywa chai yangu, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. "Basi huyu mama akuje Kabuchai," akaamua. "Akuje na hiyo ubao yake, apigie watu wetu pale boma. Ng'ombe atarudi akiwa amemleta mgeni. Nani atasema nini?" Mwalimu aliyatafsiri hayo, sasa neno kwa neno. Bwana Kang alisikiliza, akafungua kitambaa cha ngoma; na wiki hiyohiyo wakaenda Kabuchai, wakapiga pale bomani, mtamba naye akarudi zizini. Mama Rhoda akadai maua yake, na Senge akamwahidi miche, na kweli aliileta.

Mama Rhoda hakunifukuza. Mgeni hakuwa amelalamika. Kuanzia kesho yake Bi Sunok alikuja jikoni kila asubuhi kabla ya kifungua kinywa, akaketi kwenye debe karibu na jiko, akaniomba nimfundishe L. "La, le, li, lo, lu," nilimwambia, na yeye akasema baada yangu, akitoa ulimi nje kidogo, akiugusa kwa kidole kuona uko wapi. Nafula na Naliaka walimcheka, naye akawaacha wacheke. Kulala. Kelele. Malaika. Mahali. Nilimfundisha herufi ambayo mimi mwenyewe sikuisikia ilipohitajika, na kila alipokosea alisema samahani. Nilikuwa nakoroga uji na kusema, "Tena." Kwa malipo alinifundisha jambo la kwao. Alisema kwao mwimbaji haimbi peke yake. Mpiga ngoma humpigia kelele katikati ya wimbo, olsigu, na wasikilizaji nao, kumtia nguvu, kumwambia tumekusikia, endelea. Kwao msikilizaji anayenyamaza ni mtu aliyesinzia. Nikamwambia litungu ni hivyohivyo, Mzee akikutaja kwenye wimbo ukakaa kimya umemtukana. Alifurahi kama mtu aliyemkuta jirani ugenini.

Ukumbi wa Bungoma ulijaa. Walikuja makarani, walimu, wenye maduka, wazee wa kanisa na wake zao, wamevaa za Jumapili. Mchungaji aliomba, tukasema amina, kisha watu wote wakakaa kimya kama wako ibadani. Hawakuwa na dharau, walikuwa na adabu mno. Nilisimama kando ya jukwaa na chupa ya chai ya wasanii. Bi Sunok aliimba wimbo wa kwanza, na Bwana Kang akapiga olsigu yake, na watu wakageuka kuona nani anavuruga. Wakapiga makofi matatu ya heshima. Wimbo wa pili Mzee alianza peke yake, litungu likazunguka, likafika penye ule mlango wa kwanza, na Bi Sunok hakuingia. Mikono yake ilikuwa hewani. Mzee akazunguka tena, akafika tena, na yeye bado. Nikaona Mzee anamtazama. Raundi ya tatu, Mzee akainua kidevu, akapaza sauti katikati ya wimbo wake mwenyewe:

"Mahari!"

Kabuchai nzima ilikuwa imekaa viti vya nyuma. Walicheka kama bati linaloezuliwa. "Lipa!" mtu mmoja akajibu. "Alishalipa!" Senge akamrudishia akiwa amesimama juu ya kiti, "ni nyinyi mnadaiwa kelele!" Na Bi Sunok, akicheka huku machozi yakimtoka, akaingia. Nyuzi kumi na mbili zikaingia kwenye zile saba kama watoto wanaoingia nyumbani. Katikati, Mzee akaita tena, mahari, na safari hii waliitikia hata wale makarani. Na ya mwisho, ile kubwa, iliitikiwa na ukumbi wote, mchungaji akiwemo. Sijawahi kusikia tena kitu kama hicho. Nimewahi kukaa peke yangu katika hoteli ndogo niliyokuja kufungua, baada ya wateja wa mchana kuondoka, nikijaribu kukikumbuka kile kilichotokea kati ya zile sauti mbili, na ninachokumbuka ni kwamba nilishika chupa ya chai kifuani mpaka ikaniunguza na sikuiweka chini.

Wageni waliondoka. Sisi tulibaki katika chumba cha nyuma miaka mingine tisa. Nafula alimaliza shule, akaolewa Saboti. Naliaka ni muuguzi hapa Bungoma. Hawakuwahi kulala nyumba tofauti mpaka walipoamua wenyewe, na kila ninapowaona wakigombana kwa simu juu ya nani atapika Krismasi, nashukuru kwa yale masikio mabovu ya Mzee Wasike. Yeye, kwa upande wake, aliitwa Mzee wa Mahari kuanzia usiku ule wa Bungoma hadi alipofariki. Harusini, sokoni, hata kanisani. Alilicheka jina hilo kila mara. Nilimtembelea kila mwaka na sukari na majani ya chai, na kila mwaka nilianza, "Mzee, ile siku," naye akasema, "Wewe kunywa chai."

Siku ya tatu baada ya mazishi nilirudi Kabuchai. Siku hiyo, kwa desturi yetu, jamaa hukaa uani na mzee wa ukoo huuliza nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani, ili asilale na maneno ya watu. Mmoja alitaja plau. Mwingine alisema Mzee alimwazima mabati. Nikasimama.

"Mzee ananidai."

"Anakudai nini, mama?"

"Jina," nikasema. "Hilo jina la Mahari ni langu." Nikawaeleza yote, maziwa, mimi kushangaa, mlango wa jikoni. Nilidhani nitalia, lakini nilieleza wima. Wafula, ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko babake siku ile, alitikisa kichwa.

"Dada Nekesa, watoto wangu wamepigana shuleni kwa sababu ya hilo jina." Kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega yakimtikisika. "Na huyo mzee aliniambia nisiwahi kumwamini mtu mwenye masikio kama yake!"

Mzee wa ukoo alingoja kicheko kiishe. Alisema kwa upande wao nimeshalipa, kwa kuwa nimesema mbele ya watu na jua likiona. "Lakini yule mama wa huko," akauliza, "yule alisema ulimi wake ndio mbaya. Yeye ameambiwa?"

"Bado."

"Basi hiyo haijaisha."

Wafula alinitumia namba ya simu ya yule mama kabla sijafika barabarani. Bi Sunok yu hai; anafundisha watoto kwao, na ndiye aliyetuma salamu za rambirambi zilizosomwa kaburini. Sijui kama asubuhi ile alinilinda akijua, au aliamini kweli kwamba mdomo wake ndio uliomwaibisha Mzee, na ameishi hivyo miaka yote hii. Ndilo ninalopaswa kumuuliza, baada ya kumwambia. Saa zao zimetangulia zetu kwa sita. Nikifunga hoteli jioni najiambia amelala; nikiwasha jiko alfajiri najiambia yuko na wanafunzi. Jana Naliaka alinipigia kutoka kazini.

"Umempigia?"

"Saa hazijapatana."

"Dada," akasema, "saa zake ni zilezile kila siku."

Sijapiga.